Dakika 25 za Bibi Harusi: Kutoka Gauni Jeupe Hadi Nguo ya Ukumbini

Kila harusi ya mjini Dar es Salaam ina kipande ambacho hakimo kwenye kadi wala kwenye albamu. Ni pale MC anapotangaza kwamba maharusi wanatoka kidogo kwenda kubadilisha. Meza kuu inabaki na viti viwili vitupu, wageni wanainuka kufuata chakula, na nyuma ya mlango mmoja bibi harusi ana dakika 25 za kutoka kwenye gauni lenye kamba, vishikizo na mkia, aingie kwenye nguo nyingine, na arudi kama ndiyo kwanza anatoka saluni. Zikifika 45, watu wameshakula na kunawa, wazee wanaokaa mbali wanaanza kuulizia usafiri, na MC hana tena la kusema.

Wanaochelewa wengi hawachelewi kwa sababu ya mikono mizito. Wanachelewa kwa sababu nguo ya pili ilichaguliwa kana kwamba itavaliwa peke yake, asubuhi, nyumbani, mtu akiwa ametoka kuoga. Sivyo ilivyo. Nguo hii inavaliwa juu ya nywele zilizokwisha kufungwa, uso uliokwisha kupakwa, mwili uliotoka jasho tangu kanisani, na miguu iliyosimama tangu saa 8 mchana. Kwa hiyo kila kitu cha nguo ya pili kinapimwa na ya kwanza: inafungukaje, inapitia wapi mwilini, viatu vyake vina urefu gani, nywele zitaipokea au zitaikataa. Fundi akikuuliza unataka mshono gani, mwonyeshe kwanza picha ya gauni jeupe na ya nywele zako.

Tuanze na saa. Kadi nyingi zinasema saa 12 jioni, maharusi wanaingia ukumbini saa 2 usiku, na kumbi nyingi zinazima muziki saa 6. Katika hizo saa 4 kuna utambulisho, shampeni, keki, chakula, zawadi, nasaha za wazazi na muziki. Nafasi nzuri ya kuchomoka ni moja tu: keki imeshakatwa, wazazi wa pande zote wameshalishwa, na bufee ndiyo inafunguliwa. Chukua ukumbi wa wageni 300 wenye meza mbili za bufee, kila moja inapitwa pande zote mbili. Hiyo ni mistari 4, watu 75 kwa kila mstari. Mtu mmoja akitumia sekunde 20 mpaka amalizane na wali, kuku na kachumbari, mstari unakwisha kwa dakika 25. Muda huo wageni wanaangalia sahani zao, hakuna anayehesabu umetoka saa ngapi. Lakini ukumbi ukiwa na meza moja tu, au kamati ikiamua chakula kipelekwe mezani, hesabu inabadilika, na metroni, yaani msimamizi wa bibi harusi, aijue kabla ya siku yenyewe.

Kutoka mapema zaidi ya hapo kunaharibu picha, maana kisu cha keki na glasi za shampeni ndizo picha ambazo familia inataka ziwe na gauni jeupe. Kuchelewa nako kuna gharama yake. Zawadi zikianza watu wanakuja mbele wakicheza, kundi kwa kundi, na majiko, magodoro na vitenge juu ya vichwa, hawaangalii chini. Mkia wa gauni wa mita moja na nusu unakanyagwa, bibi harusi anapiga hatua moja mbele, na mshono wa kiunoni unaachia pale pale. Gauni linarudishwa dukani likiwa limechanika hapo hapo, nyuma ya kiuno.

Chumba

Siku moja kabla, wakati wapambaji wa ukumbi wanafunga vitambaa, mtu mmoja aende akakione chumba cha kubadilishia kwa macho yake. Asiridhike na jibu la simu kwamba "chumba kipo". Aangalie mlango una ufunguo na ufunguo unafanya kazi kwa ndani. Aangalie kama kuna kioo cha kuonyesha mwili mzima, soketi inayopitisha umeme, feni au kiyoyozi, na taa nyeupe. Taa ya njano inadanganya rangi ya uso: poda inaonekana sawa chumbani, kisha ukumbini, chini ya taa za mpiga picha, uso unatoka wa kijivu na shingo ya rangi nyingine. Balbu moja nyeupe ya kubeba mwenyewe inamaliza tatizo hilo, na taa ya kuchaji iwepo pembeni kwa sababu umeme hauna miadi na mtu.

Hesabu pia hatua na ngazi. Chumba kikiwa ghorofa ya pili na ukumbi uko chini, ondoa dakika 6 kwenye zile 25, kwa sababu bibi harusi mwenye gauni kubwa hapandi ngazi, anapandishwa. Chooni msibadilishie kamwe. Sakafu ina maji, na satini ikishanywa maji ya sakafu inaacha mstari wa kahawia ambao hata dobi mzuri anahangaika nao.

Chumba kisichofaa kinaokolewa na kanga. Doti mbili zinatosha: kipande kimoja kinatandikwa chini ili gauni lishukie juu yake, cha pili anajifunga bibi harusi kifuani akishavua, cha tatu kinafunikwa usoni nguo ikipita kichwani, na cha nne ni cha kufuta jasho mgongoni. Ziwe zimefuliwa mara kadhaa. Kanga mpya ina wanga, haifyonzi jasho, na nyingine zinachuja rangi.

Watu wa kuingia humo ndani ni watatu: metroni, mpambaji wa uso na nywele, na mmoja mwenye vidole vyepesi wa kushughulika na kamba na zipu. Mashangazi na mama wadogo wana mapenzi yote duniani, lakini kila anayeingia anakuja na maoni yake, na chumba kinapata joto. Kwa heshima kabisa, wapewe kazi nje: mmoja akae mlangoni, mwingine alete sahani ya chakula. Bwana harusi abadilishie kwingine na mpambe wake, yeye dakika 10 zinamtosha.

Kuvua

Hapa ndipo muda unapopotea bila mtu kujua. Mpangilio ni huu. Vito vikubwa vinatoka kwanza, hereni na mkufu, kwa sababu vitanasa kwenye lesi wakati gauni linashuka. Pete ya ndoa haivuliwi, inageuzwa tu jiwe liangalie kiganjani. Pete zinazovuliwa katika haraka ile hupotelea ndani ya hupu, ile sketi ya ndani yenye waya wa kutanua gauni, au kwenye mfuko wa mtu ambaye hakumbuki. Kisha shela: usilivute, tafuta kitana chake kwa vidole, toa pini moja moja na uzihesabu zilingane na zilizoingia asubuhi. Pini moja ikibaki ndani ya nywele itamchoma kichwa kilemba kikifungwa juu yake.

Kisha viatu, na avuliwe akiwa amekaa. Halafu ndiyo gauni.

Gauni la kamba za mgongoni huwa na vitanzi 12 hadi 16 kila upande. Kulifunga asubuhi kulichukua robo saa, ila kulifungua dakika 4 zinatosha kama hautachomoa kamba. Fungua fundo la chini, kisha legeza mstari kwa mstari ukipanda juu, kila mstari uvute nafasi ya vidole vitatu, mpaka mgongo ufunguke vya kutosha nyonga zipite. Kamba ibaki ndani ya vitanzi vyake vyote. Ukiichomoa yote unapoteza muda kuikunja, na mwenye duka atakudai akikuta imepotea. Kama mgongo una vile vifungo vidogo vya duara vilivyovikwa satini, vidole havifai, hasa vyenye kucha za bandia. Tumia ile sindano yenye ndoano inayosukia kroshe, kila saluni inayo: unaipitisha ndani ya kitanzi, unashika kifungo, unasukuma. Vifungo 30 vinakwisha kwa dakika 3. Siku hizi magauni mengi yana zipu chini ya vifungo hivyo, na vifungo ni pambo tu. Hakikisheni siku ya kupima, msije mkafungua pambo.

Gauni linashuka chini, halipandi juu. Likipita kichwani linabeba fondesheni yote ya shavuni na kuibandika kwenye kifua cha gauni, na kope za bandia zinang'oka upande mmoja. Metroni anashika kifua cha gauni kwa mbele, mwenzake anafungua kiuno cha hupu kwa nyuma, vyote vinashuka pamoja juu ya kanga, bibi harusi anaweka mkono begani mwa mtu na kutoka hatua moja mbele. Linabaki chini limesimama kama duara. Mtu mwingine analiinua kwa mabega na kulitundika, na yeye bibi harusi hagusi kitu.

Sasa amefungwa kanga, na dakika 8 zijazo ni zake. Aende chooni, maana hatapata nafasi nyingine yenye urahisi huo mpaka arudi nyumbani. Akirudi ale. Tangu chai ya saluni saa 12 asubuhi wengi hawajatia kitu tumboni, koseti, lile vazi la kubana kiuno, ilikuwa imebana, kumbi zina joto, na kizunguzungu cha saa 4 usiku katikati ya muziki kinatokana na hapo. Wali kidogo, nyama isiyo na mchuzi, ndizi, maji kwa mrija. Msimpe soda ya rangi wala nyama ya mifupa. Ale huku mpambaji anashughulikia nywele, kisha uso uje baada ya kula.

Uso haupakwi upya, unarekebishwa. Kosa la kawaida ni kuweka poda juu ya jasho: inaganda vipande vipande pembeni ya pua na kwenye paji. Bandika tishu laini, bonyeza, usisugue, rudia mpaka tishu itoke kavu. Ndipo poda nyembamba ipite. Kama nguo ya pili ina rangi kali, badilisha rangi ya mdomo peke yake na uache macho kama yalivyo, kwa sababu kubadilisha macho kunataka dakika 20 ambazo huna. Kwapa zikaushwe kwa kanga, diodoranti ipakwe na iachwe dakika 2 ikauke kabla nguo haijagusa, vinginevyo inaacha michirizi myeupe kwenye kitenge cheusi au cha bluu. Mafuta ya kung'arisha mabega yasubiri mpaka nguo ya pili iwe imeshafungwa. Yakigusa gauni la kukodi, umelinunua.

Nguo yenyewe

Wengi sasa wanarudi ukumbini na kitenge, au lesi na kilemba, au gauni jingine jepesi la kucheza. Vyote vinafaa, mradi vimeshonwa kwa kazi ya usiku ule.

Kitenge cha kipande cha yadi 6 kinatosha gauni refu la mshono wa samaki, linalobana mwili na kutanuka chini, la mwili wa kawaida, na kinabaki kitambaa cha kilemba au cha kuweka kola na mifuko kwenye shati la bwana harusi. Ukitaka shati lake zima la mikono mirefu kwa kitambaa kile kile, chukua kipande cha pili siku hiyo hiyo, kwenye duka lile lile. Ukirudi Kariakoo wiki ijayo utaikuta picha ile ile ila rangi imepishana kidogo, na tofauti hiyo inaonekana mkisimama pamoja. Kitenge cha pamba kilowekwe maji usiku kucha na kukaushwa kabla ya kukatwa, kwa sababu kinarudi, yaani kinapungua kikipata maji. Kikishonwa bila kulowekwa, jasho na pasi ya mvuke vinaanza kukivuta, na zipu iliyopanda vizuri Jumatatu inagoma Jumamosi.

Lesi huuzwa sana kwa kipande cha yadi 5 na haikai bila bitana. Mwambie fundi bitana iwe na nafasi ya sentimeta 2 zaidi ya lesi kwenye nyonga na mapajani. Bitana ikiwa sawasawa na mwili, ndiyo inayopasuka kwanza bibi harusi anapoinama. Lesi inavutika kidogo, satini haina hata hiyo nafasi.

Rangi muipime na ukumbi. Pambo la nyuma ya meza kuu likiwa jeupe na dhahabu, gauni la rangi ya shampeni linamezwa, na picha zinaonyesha kichwa na mikono. Taa za zambarau na bluu zinafanya nyekundu ionekane kama kahawia iliyoiva. Kijani cha zumaridi na bluu ya kifalme huvumilia zaidi. Na muulize mapema sare ya kamati ni rangi gani. Ni jambo la aibu bibi harusi kurudi amefanana na watu 40 wanaogawa vinywaji.

Siku ya kupima kwa mwisho iwe siku 5 hadi 7 kabla, na nguo ijaribiwe ikiwa na viatu vyake vya pili na nguo ya ndani ya usiku huo. Gauni jeupe lilikatwa upindo kwa kisigino cha sentimeta 10. Ukibadilisha viatu uvae vya sentimeta 5, ambavyo kwa kucheza ndivyo ninavyovipenda, nguo ya pili lazima ipindwe kwa hivyo vya 5, upindo uishie sentimeta 2 juu ya sakafu. Kisha, mbele ya fundi, fanya mambo manne: kaa kwenye kiti kifupi, panda ngazi moja, inua mikono yote juu ya kichwa, na piga magoti uinuke bila kushikwa. Hilo la magoti usiliruke. Ukirudi ukumbini utapokea zawadi na baraka za wakwe, utapiga magoti si mara moja, na gauni la samaki lililobana mpaka chini ya goti halikuruhusu. Unaishia kuinama nusu, wazee wanaona, na mshono wa nyuma unalia. Dawa yake ni mbano uishie sentimeta 10 hadi 12 juu ya goti, au mpasuo wa nyuma wenye kitambaa cha ndani.

Kwa bibi harusi anayejisitiri mambo hayatofautiani sana. Kitambaa cha ndani cha kushika nywele kinabaki kile kile, mtandio wa juu tu ndio unabadilika, na nguo iwe na shingo na mikono yake yenyewe badala ya kuvaa kitu kingine cha ndani ambacho kitahitaji kuvuliwa na kuvaliwa tena. Pini za mtandio ziwe zile zenye kichwa cha duara.

Zipu, adui mkubwa

Nikitakiwa kutaja kitu kimoja kinachoharibu zoezi hili, ni zipu. Mafundi wanapenda zipu ya kujificha kwa sababu inatoa mgongo safi, lakini meno yake ni mepesi, na pale kiunoni inapokutana na mshono wa kukatiza, tabaka nne za kitambaa, lesi na bitana zinarundikana. Kichwa cha zipu kinafika hapo kinasita, mtu anavuta kwa nguvu, na meno yanaachia chini yake. Mwambie fundi apunguze kitambaa cha ndani kwenye makutano hayo, au aweke zipu ya kawaida ya nailoni kama nguo inabana sana. Siku yenyewe, kabla ya kuvaa, pitisha mshumaa mkavu au kipande cha sabuni ya mche juu ya meno, juu na chini mara tatu.

Kupandisha kunataka watu wawili. Mmoja anazileta pande mbili za nguo zikutane kiunoni kwa viganja, mwingine anapandisha polepole. Zipu haina kazi ya kuvuta mwili uingie, kazi yake ni kufunga nguo ambayo imeshakutana. Bibi harusi asimame wima, atoe pumzi, mabega nyuma. Akiinama kuangalia, tumbo linajaa mbele na mgongo unapanuka.

Ikipasuka, msipige kelele na msimwite fundi kwa simu. Jaribu kwanza kushusha kichwa mpaka mwisho kabisa na kukipandisha upya, zipu nyingine zinapona hapo. Ikikataa, mshone akiwa amevaa. Sindano iwe imeshatungwa uzi tangu nyumbani, uzi mara mbili, rangi ya nguo. Ingiza kipande cha kanga kilichokunjwa, au kadi ngumu ya mwaliko, kati ya ngozi na nguo, kisha anza chini kupanda juu, kila mshono urudi nyuma kidogo kabla ya kwenda mbele, umbali wa nusu sentimeta. Kwa mgongo mzima ni dakika 12. Atakatwa uzi akifika nyumbani, na mkasi mdogo uwe kwenye pochi ya metroni, kwa sababu choo bado kipo.

Kilemba nacho kinakula muda. Kile cha kitambaa kigumu kikifungwa kichwani pale pale ni dakika 10 hadi 15, na mfungaji akitetemeka ni zaidi. Kifungwe mapema juu ya kichwa cha plastiki au cha mtu mwenye ukubwa ule ule, kishikwe na nyuzi kwa ndani, siku hiyo kiwe cha kuvaa kama kofia. Hili linawezekana tu kama nywele za asubuhi zilifungwa chini, karibu na shingo. Fundo likiwa juu utosini chini ya taji, kilemba kitakaa kama kimepanda kichuguu. Mwambieni msusi habari ya kilemba kabla hajaanza kuchana.

Kabla ya kutoka, metroni aangalie kitu kimoja kimoja toka juu: kilemba, hereni zimefungwa, lebo ya nguo haijatokeza, zipu imefika juu na kile chuma kidogo cha kulabu kimeshikwa, mkanda wa sidiria hauonekani, viatu vimefungwa. Plasta ibandikwe kisigino kabla ngozi haijachubuka. Dakika 5 kabla, mjumbe aende kwa MC na kwa dijei awaambie maharusi wako tayari. Wakifika mlangoni kimya hakuna anayewatangaza, wimbo uliopangwa haupo, na mpiga picha yuko bufee na sahani mkononi. Kuingia kwa pili ndiyo picha yenyewe ya nguo hii. Wapewe nafasi ya kusimama mlangoni sekunde chache, mwanga uwapate, ndipo wacheze kuelekea mbele.

Gauni jeupe limebaki chumbani, na mara nyingi ndipo linapoharibikia. Litundikwe kwenye henga mahali pa juu, lisikunjwe likiwa na upindo wa unyevu, maana unyevu ukifungiwa ndani ya begi unaleta madoa ya ukungu. Tope liachwe likauke kisha lipigwe brashi. Likisuguliwa likiwa bichi linaingia ndani ya nyuzi. Doa la mvinyo libonyezwe kwa kitambaa na maji baridi, yasiwe ya moto. Mtu mmoja, kwa jina lake, aondoke nalo pamoja na shela, taji, hupu, glovu na kamba zake, ahesabu vitu hivyo mbele ya metroni kabla mlango haujafungwa, na ufunguo aurudishe yeye kwa msimamizi wa ukumbi.